Mti wa Mpaka Ndani ya Kopo

Nyakasanza, Bunia
Jioni ya kuamkia safari yako

Zawadi, mwanangu,

Katika mfuko wako mweusi, chini ya vitenge alivyokukunjia mama yako, utakuta kijiti kilichofungwa kwa kipande cha gunia lenye unyevu. Urefu wake ni kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Usikitupe. Najua utakavyosema ukikiona: kwamba baba yako amezeeka, sasa anawatilia watu kuni katika nguo zao. Si kuni. Hata ungetaka kukichoma, kisingewaka, na sababu yake nitakueleza.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako amekwisha kukufundisha namna ya kuketi katika lori, mahali pa kuweka vyeti vyako na mtu wa kumwamini pale Komanda, na ameyarudia mara nyingi kiasi kwamba hata mbuzi wetu sasa angeweza kufika Kisangani salama. Mengine utayapata katika shule ya wauguzi. Kwangu limebaki jambo moja tu. Sehemu yake uliiona kwa macho yako. Sehemu nyingine ilikupita, kwa sababu ulikuwa mdogo, au ulikuwa kisimani, au kwa sababu mimi sikutaka uione.

Ninakuandikia nikiwa na moyo mwepesi. Unajua kwamba situmii neno kabla ya kulipima, na hili nimelipima. Jioni hii kabati halikusukumwa mlangoni. Tangu vita vilipoingia mjini, kabati lile limekuwa likitoka ukutani kila jua linapotua na kurudi kila asubuhi, hata sakafu imechimbika njia mbili kama za magurudumu. Leo mama yako alilitazama, akanitazama mimi, kisha akaenda kuosha sahani. Ng'ambo ya ua nasikia msumeno wa Papa Riziki. Ameahidi kumaliza dirisha la mtu kabla ya giza. Zamani sauti ile ilikuwa ikinikera. Sasa naandika nikiifuata.

Mti wa mpaka uliukuta uani ulipozaliwa, kwa hiyo sidhani kwamba uliwahi kuutazama vizuri. Mti wa namna hiyo hauombi kutazamwa. Shina lake ni jembamba, lina alama za pete kama shingo ya mtu mnene. Majani yake ni marefu, ya kijani, yanainama kama ya mahindi, wala hayapukutiki wakati wa kiangazi. Hauna tunda la kuliwa wala kivuli cha kukaa. Mwaka jana nilikwenda katika ofisi moja ya wageni hapa mjini kuomba kazi ya kutafsiri, nikaukuta umesimama katika chungu kando ya dirisha, umepanguswa vumbi jani kwa jani. Nilimwuliza karani kwa adabu ule ulikuwa mpaka wa nani na nani. Akanijibu, "Muzee, hii ni maua tu." Kazi sikuipata, lakini nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu njiani, na watu walinisalimu kwa tahadhari.

Kwetu si maua. Baba yangu na baba yake Papa Riziki walipopewa viwanja hivi viwili, kabla ya kufyatua tofali lolote, walikata mashina ya mti huo na kuyapanda katika mstari kutoka barabarani hadi bondeni. Kila shina walilishika wote wawili, mkono wa mmoja juu, mkono wa mwenzake chini yake, wakalishusha shimoni pamoja. Ndiyo sheria yake, na haina nyingine. Anayeupanda peke yake ni mwizi wa ardhi. Anayeuvunja peke yake ametangaza kwamba ujirani umekwisha. Walipomaliza, walituita sisi watoto wao, mimi na Papa Riziki, kila mmoja akamvuta mtoto wa mwenzake sikio mbele ya ule mti wa pembeni, wakavuta kwelikweli, ili tusije tukasahau mahali pale. Papa Riziki alilia. Yeye husema kwamba aliyelia ni mimi. Katika jambo hilo hatujapatana hadi leo.

Jina la kabila letu na la kwao sitayaandika hapa. Unayajua, na miaka hii yameandikwa vya kutosha kwa mkaa kwenye milango ya watu.

Asubuhi watu wa upande wao walipokimbia Nyakasanza, risasi zilikuwa zikisikika upande wa soko. Wewe na ndugu zako mlikuwa chini ya kitanda chetu. Mama yako alikuwa amechemsha viazi vitamu, akavifunga katika kitambaa, akataka kutoka kumpelekea Mama Riziki kabla hawajaondoka. Nilimshika mkono. Nilimwambia kwamba mtu akituona tunawapa chakula, jioni zamu yetu itafika. Huenda sikukosea. Watu walikuwa wanakufa kwa vitu vidogo kuliko viazi. Sijui hadi leo. Najua tu kwamba nilisimama nyuma ya pazia nikatazama kwa upenyo mdogo, na vile viazi tukavila wenyewe.

Niliwaona wakitoka. Riziki alikuwa amembeba mdogo wake mgongoni. Mama Riziki alikuwa na sufuria kichwani, na Papa Riziki godoro. Walipofika barabarani, yeye alilitua godoro, akarudi mbio hadi kwenye mti wa pembeni. Akasimama pale. Aliligeukia dirisha letu, akalitazama muda mrefu kuliko ilivyofaa kwa mtu anayekimbia. Kisha akakishika kilele cha mti, akakivunja, akakitia ndani ya koti, akaondoka.

Nilimgeukia mama yako nikamwambia, "Umeona? Ameuvunja."

Yeye akasema labda alikuwa na haja nao.

"Haja gani," nikamwuliza, "na mti usioliwa wala usiowaka?"

Mama yako hakuwa na jibu, nami nilidhani kwamba mtu akikosa jibu basi mimi nimeshinda. Ni tabia ya walimu. Nilikaa na ushindi ule miaka yote ya vita. Kila jambo baya lililoletwa na watu wa upande wao, na yalikuwepo, niliongezea la kwangu: hata jirani yangu, ambaye tulivutwa masikio pamoja, aliuvunja mti mbele ya macho yangu ili nijue kwamba tumekwisha kuachana.

Ndiyo maana nyumba yao ilipovuliwa mabati, kisha milango, kisha fremu za madirisha, nilitazama bila kuhuzunika inavyopasa. Hatukuchukua hata msumari. Nilikuwa nikijisifu kwa hilo kanisani, moyoni, wakati wa sala.

Baadaye yule kijana mwenye bunduki aliyekuwa akilala katika nyumba ile tupu aliikata miti yote ya mpaka apikie. Hilo unalikumbuka, maana mlicheka sana chini kwa chini. Moto ulitoa moshi na povu, ukazima; akaupuliza, ukazima tena; akautukana kwa Kilingala, akaurusha mbali, akala mihogo yake mibichi. Mashina yakabaki yamelala juani wiki nyingi, na nyasi zikaota pale yalipokuwa yamesimama.

Kisha walikuja watu waliofukuzwa katika mashamba yao kule Djugu. Mama Jeanne na watoto wake walifika kwetu na turubai moja na jembe lisilo na mpini. Nyumba yetu ilikuwa imejaa wajomba zako. Nikatafuta nguzo za kuinulia turubai, nikakosa. Miti yote ya maana ilikuwa imekwisha kuwa mkaa. Nikaenda nikaokota yale mashina. Yalikuwa yamekauka nje, mepesi, yamekunjamana. Nikayachimbia katika kiwanja cha Papa Riziki, ndani kabisa, palipokuwa tambarare, nikapigilia misumari ya kufungia kamba. Wewe ndiye uliyenishikia misumari.

Haikupita mvua ya pili ukanijia barazani, nikiwa nasoma, ukasema, "Papa, ile miti iko inaota."

Nikakuambia, "Si *iko inaota*. Sema *inaota*."

Ukarudia vizuri, ukaenda zako. Wala sikuinua macho kuitazama miti yenyewe. Nimelikumbuka jambo hilo mara nyingi kuliko unavyodhani. Mtoto wangu aliniletea habari ambayo ingeniepusha na mashaka yote yaliyofuata, nami nikampa alama kwa jinsi alivyoisema.

Mama Jeanne alipopata ndugu zake upande wa Mahagi, aliondoka na turubai lake. Nguzo zikabaki. Sasa ziliona jua lote, zikatoa vichwa vya majani, zikasimama katika mstari mmoja ulionyooka, kwa kuwa mimi sijui kupanga kitu bila kukinyoosha. Mtu yeyote wa hapa aliyepita barabarani aliona jambo moja tu: mpaka. Mpaka mpya, mzuri, ndani ya kiwanja cha mtu aliyekimbia.

Ningeweza kuzing'oa wakati ule. Sikuzing'oa. Badala yake nilipanda maharagwe. Jembe liliziruka zile nyasi za mpaka wa zamani, likaendelea ng'ambo yake, likafika kwenye nguzo zile, likasimama. Hakuna aliyenituma. Kila nilipoona haya, nilikumbuka ule mkono ukivunja kilele, na haya ikapoa. Yale maharagwe mliyala, na yalikuwa mazuri, na mimi sikuyafurahia hata mlo mmoja.

Kisha bunduki zikapungua, na Papa Riziki akarudi.

Ulikuwa umekwisha kuwa msichana mkubwa, kwa hiyo unaikumbuka siku ile: yeye na mkewe tu, wamekonda, na sanduku la vifaa vya useremala. Riziki walikuwa wamemwacha Niania, ameolewa huko, na mdogo wake amebaki naye. Papa Riziki alisimama katika uwanja wake, akaitazama miti yangu kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Akavua kofia, akajikuna, akaivaa tena. Akaniambia, "Jambo, Mwalimu." Nikamjibu, "Jambo." Akaingia katika kuta zake zisizo na paa.

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu kwa muda wa miezi. Jambo, Mwalimu. Jambo.

Wakati huo ndipo kabati lilipoanza kusukumwa mlangoni kwa nguvu zaidi kuliko wakati wa vita vyenyewe, nawe uliniuliza sababu, nikakudanganya kwamba ni wezi. Hawakuwa wezi. Vijana wa upande wetu walikuwa wamenijia barazani. Niliwafundisha baadhi yao kusoma. Walivua kofia, wakakaa kwa heshima, mmoja akasema, "Mwalimu, usiogope. Lupango, kiwanja ile yote, iko ya weye sasa. Mupaka umebaki pale. Wakileta maneno, siye tuko." Wakaondoka wakiwa wamefurahi, kama watu waliomfanyia mzee wao wema. Siku chache baadaye wakaja ndugu za Papa Riziki kwa pikipiki, wakasimama barabarani, wakanyoosha vidole kwenye miti, wakaondoka bila kusalimu.

Nikaelewa kwamba nguzo zangu za turubai zingeweza kuua watu. Huenda zingemwua yeye, huenda wewe. Na sikujua la kufanya, kwa sababu nilikuwa nimejifunga mwenyewe. Nikiziacha, mimi ni mwizi wa ardhi, na vita vitaanza kwa niaba yangu. Nikizing'oa peke yangu, nimevunja mpaka peke yangu, na vijana wa pande zote mbili watasoma humo lile wanalolitaka. Kilichobaki kilikuwa kwenda kumwita yeye tuzing'oe pamoja. Na kumwendea yeye sikuweza, kwa kuwa ndiye aliyevunja kwanza.

Hapo ndipo barua yako ya shule ilipofika. Ulirukaruka uani nami nikakutazama, nikijua kwamba lori la Kisangani hulala Niania, na kwamba binti peke yake hawezi kulala Niania mahali popote tu, kati ya madereva na wachimba dhahabu. Mama yako aliketi karibu nami akauliza ni nani tunayemjua Niania. Alijua jibu. Nikasema tutatafuta.

"Riziki yuko Niania," akasema. "Wamekua kwa ziwa moja, hao. Nilimnyonyesha mimi mama yake alipougua. Utanitafutia nani mwingine?"

Nikachukua kitabu changu.

"Basi nenda," akasema. "Au mwambie mtoto wako kwamba hasomi kwa sababu ya nguzo za bashi, lile turubai la Mama Jeanne."

Nilikwenda kesho yake asubuhi, ulipokuwa kisimani. Nilivaa koti. Nilikuwa nimetunga maneno yangu, nimeyapanga, nimeyasahihisha. Papa Riziki alikuwa akikata ubao, nami nikasimama mbele yake nikaanza kusema kwamba nimefika mbele yake kama jirani wa muda mrefu, nikiwa na jambo ambalo kwa bahati mbaya lingeweza kueleweka visivyo. Aliendelea kukata mpaka kipande kikaanguka. Ndipo akasema, "Mwalimu, unaongea kama redio. Ongea kama mutu."

Jikoni nilimsikia Mama Riziki akicheka ndani ya khanga yake.

Maneno yote yalinitoka kichwani. Nikasema, "Ile miti sikuipanda."

"Najua."

"Unajua?"

"Nani anapanda mupaka na misumari? Ile ni nguzo ya bashi. Miye niliona siku ya kwanza. Kamba imeingia hata ndani ya ngozi ya muti."

Nilimwuliza kwa nini basi hakusema.

"Na weye, kwa nini hukusema?" Akauinua ubao, akautazama kama umenyooka. "Ningekuja kwako, vijana wa kwenu wangesema nimekuja kudai. Nilingojea weye ukuje. Nikaona unalima maharagwe. Nikasema, basi, labda Mwalimu hataki kuja."

Ningeweza kuishia hapo, na tungeng'oa nguzo, na wewe ungesafiri. Lakini lile la zamani likatoka lenyewe. Nikamwambia kwamba siku waliyokimbia nilimwona akiuvunja mti wa pembeni.

Akauweka msumeno chini.

"Uliniona? Ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya pazia," nikasema.

Mama Riziki alitoka jikoni akasimama mlangoni, na sasa hakuwa akicheka. Papa Riziki alikaa juu ya ubao wake. Alizungumza polepole, bila hasira, na ningependa hasira.

"Nilitazama dirisha ya kwako," akasema. "Nilikuwa natafuta mutu wa kushika pamoja na miye. Hakukuwa mutu. Basi nikavunja miye mwenyewe, kidogo tu, nibebe fasi ya kwetu, pahali petu."

Sina la kuongeza kwa maneno hayo, mwanangu. Yeye alifuata sheria ya wazee wetu huku risasi zikilia sokoni; alirudi mbio, akasimama, akanitafuta kwa macho ili tushike pamoja. Nami nilikuwa hatua chache kutoka kwake, nimeshika pazia, nikimhukumu.

Aliyesaidia ni Mama Riziki. Aliona kwamba wanaume wawili hawana tena pa kutazama, akaanza kueleza habari za Niania. Kile kilele walikifikisha ndani ya koti, wakakitia katika kopo la maziwa lenye udongo, wakakiweka ndani ya nyumba waliyopewa, karibu na dirisha, kwa maana nje si kwao na hawakutaka kuonekana kwamba wanadai ardhi ya watu. Mti ukaota. Majirani wakaja kuutazama. "Walitucheka sana, Papa Zawadi," akasema. "Wakasema, wakimbizi wamekuja na mupaka ndani ya nyumba. Wakauliza unagawanya kitanda na nini?" Riziki alipoolewa aliuhamisha pamoja na kopo lake. Mumewe ni Mwislamu anayewauzia wachimbaji masepetu na betri. Papa Riziki alinitajia dini yake huku akinikodolea jicho moja, aone kama nitashtuka. Sikushtuka. Nilisema kwamba mtu anayekubali mpaka wa mkwewe ndani ya chumba chake ni mtu mvumilivu. Papa Riziki akacheka, na kile kicheko nilikuwa sijakisikia tangu kabla ya vita. Papo hapo nikaomba ulale kwa Riziki, wakakubali.

Tulitoka tukaenda kwenye nyasi ndefu. Tulikuwa na panga moja, tukipokezana. Nilidhani kwamba tutakadiria tu mahali pa mstari wa zamani kisha tutabishana kidogo. Papa Riziki akazifyeka nyasi pale pembeni, akainama, akaniita kwa mkono. Kisiki kilikuwa hai. Juu ya mahali alipokata yule kijana palikuwa na vichwa viwili vya majani, vya kijani, vimejificha humo miaka yote. Tukaendelea: kisiki kingine, na kingine, hadi bondeni, kila kimoja na vichwa vyake. Mpaka wetu ulikuwa haujaondoka. Sisi ndio tulikuwa hatujaenda kuutazama.

Kuzing'oa nguzo kulikuwa kazi. Zilikuwa zimeshika ardhi kwa mizizi ya rangi ya chungwa, mingi, kama nyuzi za mkeka. Tulishika wote wawili, mkono wangu chini, wake juu, tukavuta, na ile ya kwanza ilipong'oka tulianguka chali wote wawili, mama yako akatucheka kutoka kwenye baraza yetu na Mama Riziki kutoka kwenye yake. Wale vijana wetu walikuwa wamekusanyika barabarani. Mmoja akaingia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nani amekulazimisha?"

Kabla sijajibu, Papa Riziki akamwambia, "Weye, uko na mikono? Basi chukua panga. Kazi ya miti ni ya wazee wawili. Kazi ya majani ni ya weye."

Kijana akanitazama. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Akachukua panga, amenuna, akaanza kufyeka. Baada ya muda wenzake wawili wakaingia kumsaidia, nadhani kwa sababu alikuwa akifyeka vibaya nao hawakuweza kuvumilia kutazama.

Hapo ndipo ulipotokea wewe na bidoni ya maji kichwani, na hayo mengine unayajua. Papa Riziki alikutua bidoni, akakuongoza hadi kwenye kisiki cha pembeni, akakuvuta sikio hata ukapiga kelele, mtu mzima, mwanafunzi wa uuguzi. Ukasema, "Papa Riziki, wacha, miye niko mukubwa!" Sikukusahihisha. Sijui kama uliligundua hilo. Mama yako aliligundua.

Kijiti kilichomo mfukoni mwako nimekikata katika moja ya nguzo zile. Ukikigeuza utaona tundu la msumari, na huo msumari ulinishikia wewe. Kesho usiku, Mungu akipenda, utalala kwa Riziki; lile kopo la maziwa litakuwa dirishani, ingawa Papa Riziki anasema kwamba sasa ni ndoo, maana kopo lilipasuka. Mpelekee Riziki viazi vitamu ambavyo mama yako amevifunga katika kitambaa. Amesema vimechelewa lakini vitafika.

Kisangani utaukuta mti huu katika ofisi za watu, katika vyungu, umepanguswa vumbi. Watakuambia kwamba ni maua. Usibishane nao, ndani ya chungu kweli haumzuii mtu kupita. Nawe uupande hivyohivyo, katika kopo, mahali utakapopewa kitanda.

Ila usiupande peke yako. Najua kwamba humjui mtu huko, na kwamba mwezi wa kwanza utatamani kufunga mlango na kutazama kwa upenyo wa pazia, kwa kuwa wewe ni mtoto wangu. Kijiti hakina haraka. Ndugu zake walilala juani wiki nyingi, wakatukanwa kwa Kilingala, wakapigiliwa misumari, na bado wakaota. Kiweke chini ya kitanda mpaka upate mtu ambaye unaweza kumwendea na kumwambia bila hotuba, "Njoo unishikie." Asipokuwa wa kwetu, haidhuru. Mkono wako uwe chini, wake juu, mkishushe pamoja.

Kisha niandikie jina lake.

Baba yako